Wateja wa Mama Salome

Mama Salome ameondoka Katoro kwa sababu yangu. Nilimtaja kwenye filamu, kwa kipaza sauti, banda likiwa limejaa, na kabla ya wiki kwisha kila mwenye simu kuanzia Katoro mpaka Geita alikuwa amesikia sauti yangu ikimfanya malaya. Neno lenyewe sikulisema. Lakini ndivyo lilivyosikika, na nimechoka kuwaeleza watu kwamba sikulisema.

Naitwa Herman. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri filamu kwenye banda la video la Boaz, karibu na stendi. Filamu inawekwa, sauti yake inapunguzwa, na mimi nakaa pembeni na kipaza sauti nikiwaambia watu kinachosemwa. Kichina sijui, Kihindi sijui, Kiingereza nilikiacha darasa la tano pamoja na shule yenyewe. Unatazama midomo, unatazama mikono, unaangalia nani kakasirika na nani analia, unasema. Wahusika unawapa majina ya hapa hapa, maana mtu aliyetoka kugonga mawe tangu asubuhi hataki kuhangaika na majina ya kigeni. Jambazi mkuu siku zote nilimwita Boaz, na Boaz mwenyewe alipenda.

Kulikuwa na mambo mawili ya kazi ambayo sikuwahi kuyavunja. La kwanza, filamu huitazami mapema. Unakutana nayo pamoja na watu, ukishtuka wanashtuka, ndiyo utamu wake. La pili, hunyamazi. Ukinyamaza dakika moja watu wanaanza kupiga miluzi na kudai kiingilio chao. Na kila nilichosema kilirekodiwa kwenye kompyuta ya Boaz, halafu kikapelekwa kwa Davis, kijana anayejaza flashi na simu za watu pale stendi. Kwa hiyo sauti yangu ilifika kwenye machimbo ambayo mimi sijawahi kukanyaga.

Mimi ni Mha wa Kibondo. Nilikuja huku kuchimba mwaka 2004, jiwe likanivunja mguu ndani ya duara, shimo letu la dhahabu, nikabaki. Baba na mama walishafariki. Ndugu yangu mmoja aliyepo hatusemeshani, na kosa ni langu. Miaka ishirini Katoro na bado mtu akitaka kunituma dukani anasema mwite yule Mha.

Mama Salome alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye baraza mkabala na banda, akishona sare za shule na za kwaya za parokia. Kwao Ushirombo, mume wake alikufa, akaja na binti yake huyo Salome. Nilimpelekea suruali apunguze urefu. Nikampelekea nyingine. Suruali zilipokwisha nikaanza kupeleka mashuka. Siku moja akaniambia, akiwa ameshika sindano mdomoni, "Sasa Herman, ukimaliza mashuka utaniletea mapazia? Nyumba yako ina dirisha moja."

Ilianza hivyo, ikaenda miaka mitatu. Tukiwa wawili nilimwita Coletha, ndilo jina lake. Mjini hakuna aliyelijua. Hata mwenye nyumba wake alimwandika Mama Salome.

Mwaka jana nikamwambia nataka tufunge ndoa. Alimaliza kwanza kushona kola aliyokuwa nayo.

"Kaka yangu Felician anakuja Jumapili ya pili ya mwezi," alisema. "Ndiye mkubwa kwetu. Atakuuliza wewe ni mtu wa nani. Tafuta mtu wa kukaa upande wako. Hata mmoja."

"Nimtoe wapi?"

"Hilo mimi siwezi kukusaidia. Mimi ni wa upande mwingine."

Nikaenda kwa Boaz kumwomba akae upande wangu. Boaz ni Msukuma wa Nyang'hwale, mtu wa maneno makavu kama mimi, ndiyo maana tulielewana.

"Nikaseme nini?" aliniuliza. "Kwetu anayekwenda kuposa anakwenda na ng'ombe na ukoo. Wewe una mguu mbovu na mdomo."

"Basi nitakwenda na mdomo."

"Nenda nao," akasema, akacheka.

Siku hiyo hiyo nilipita kwa Davis kuchukua filamu za wiki. Alinipa tano, na ya sita akanisukumia bure. Alisema hakuna anayeitaka, haina rangi, na ndani yake kuna mtu anabeba mlango dakika ishirini. Nikamwambia aniwekee nione. Hapo ndipo nilipovunja lile jambo la kwanza, nikalivunja vibaya, kwa sababu niliangalia mwanzo tu.

Ilikuwa kweli haina rangi, nyeusi na nyeupe, na lugha yake sijawahi kuisikia popote. Mtu mrefu anatoka ndani ya shimo. Nadhani ni mgodi wa chumvi, maana watu wanalamba mawe. Mgongoni amefunga mlango. Hana nyumba, hana mzigo, ana mlango. Anaingia kijijini, watu wanageuza nyuso. Bata bukini anamfuata. Kuna mwanamke anaanika mashuka, na nyumba yake haina mlango, ina pazia. Yule mtu anausimamisha mlango wake kwenye tope mbele ya ile nyumba, hewani tu, halafu anabisha hodi. Mwanamke anacheka. Kamera haiondoki usoni mwake mpaka unaona aibu kumtazama.

Davis alisema, "Si nilikwambia? Upuuzi."

Nilimwambia aikate hapo, nisiimalize utamu. Nilishajua nitaitafsiri siku gani na mbele ya nani.

Felician alifika Jumapili hiyo wakati wa misa ya pili. Mtu wa miaka sitini hivi, koti, kofia ya pama mkononi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye maneno?"

"Ndiyo mimi."

"Nimeambiwa. Nataka nikuone kazini kwako kwanza, habari nyingine baadaye."

Saa tisa alasiri walikaa benchi la mbele, yeye na dada yake. Coletha hakuwa na kawaida ya kuingia bandani. Siku hiyo aliingia na kitenge chake cha kanisani. Nyuma walijaa wachimbaji na vijana wa bodaboda, wengine wamesimama. Boaz alikuwa ametangaza kwamba leo Mkalimani, ndivyo walivyoniita, ana kitu cha ajabu.

Nusu ya kwanza ilikwenda kama nilivyopanga. Yule mtu nilimpa jina langu mwenyewe, na mwanamke nikamwita Coletha. Sikuona hatari. Jina hilo mle ndani walilijua watu watatu. Mtu aliposimamisha mlango kwenye tope nikasema kwa ajili yake, "Coletha, mimi sina ukoo wa kuleta kwenu. Niliotoka nao nimewazika, na mmoja nimemkosea. Nina huu mlango. Ukiukubali nitakaa nje yake kama mlinzi mpaka utakaponiambia niingie."

Mtu mmoja nyuma akasema polepole, "Leo Mkalimani anatutoa machozi, jamani." Felician alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Coletha alikuwa anavuta uzi kwenye upindo wa kitenge chake, na alikuwa anatabasamu. Nilimwona vizuri. Sijawahi kuifanya kazi ile vizuri kama dakika zile arobaini.

Halafu ule mlango ukapachikwa kwenye nyumba ya mwanamke, na filamu ikabadilika.

Alikuja mwanamume wa kwanza. Akafuta viatu, akavua kofia, akampa yule mtu wa mlango, akaingia ndani. Nikasema, "Huyu ni baba yake mdogo, amekuja kusalimia." Akaja wa pili. Nikasema ni kaka yake. Felician akageuka, akanitazama. Akaja wa tatu na wa nne. Kisha kamera ikarudi nyuma nikaona wanaume wamejipanga barabara nzima, makoti meusi, kila mmoja anasubiri zamu yake. Na yule mtu amesimama pale mlangoni anapokea kofia, anazipanga kwenye mkono wake. Hakuna aliyefungua mdomo. Hakukuwa na mdomo wa kufuata, hakukuwa na mikono ya kufuata. Walikuwa wanaingia tu.

"Baba wadogo wangapi hao?" mtu akauliza.

"Mkalimani, wanamwingilia nani huyo?"

"Wapeni namba, watagombana."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Nilimwona Coletha ameacha kuvuta uzi. Swichi ilikuwa karibu na goti langu. Ningeigusa, ningesema umeme umekatika, kila mtu angeamini, umeme Katoro hauna mwenyewe. Sikuigusa. Nilitaka kumsafisha yule mwanamke, kwa sababu kwangu alikuwa Coletha, na watu walikuwa wanamchafua. Kinywa kikatangulia.

Nikasema, "Acheni hizo. Hawa ni wateja. Ni wateja wa Mama Salome, wameleta nguo zishonwe."

Banda lilinyamaza kama mtu anayevuta pumzi. Halafu kijana mmoja wa bodaboda akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nguo ziko wapi?"

Kilichofuata siwezi kukieleza. Watu walianguka kutoka kwenye mabenchi. Walipiga mabati. Mzee mmoja alitoka nje akikohoa kwa kicheko. Na mimi niliendelea kutafsiri. Filamu ilikuwa na dakika kumi na moja zilizobaki na nilizitafsiri zote, kwa sababu hunyamazi, na kwa sababu nilidhani nikiendelea watasahau. Felician na dada yake walitoka kabla haijaisha.

Niliwakuta barabarani. Felician alikuwa anavaa kofia yake.

"Kaka, ilikuwa filamu," nikasema.

"Nina masikio," alisema. "Nimekaa kwenye benchi la mbele na dada yangu, ukamtaja, watu wakamcheka. Filamu sijui."

Alipanda gari la Ushirombo jioni hiyo bila kula. Coletha aliingia ndani kwake akafunga.

Nikarudi kwa Boaz nikamwomba afute.

"Tangu nifungue banda sijasikia watu wakicheka vile," alisema. "Unataka nifute nini?"

"Boaz, nimemtaja mtu."

"Umemtaja wewe, si mimi." Kisha akaona uso wangu akapunguza sauti. "Na hata nikifuta, Davis alikuwa mlangoni na flashi yake. Ameshachukua."

Davis hakuhangaika na filamu nzima. Alikata nusu dakika tu: wanaume wamejipanga, sauti yangu inasema ni wateja wa Mama Salome, sauti ya kijana inauliza nguo ziko wapi, kicheko. Jumanne ilikuwa kwenye simu za bodaboda. Alhamisi mtu aliyetoka Geita aliniambia ameisikia kwa wanunuzi wa dhahabu.

Coletha alifungua kazi Jumatatu kama kawaida. Vijana wakipita na pikipiki walipunguza mwendo. "Mama Salome, nguo ziko wapi?" Si wote walikuwa na ubaya. Wengine walimpenda, walimtania kama wanavyotaniana wao. Lakini ilikuwa kutwa. Wiki ya pili wakaanza kuja wanaume wasio na kitambaa, wanakaa kwenye benchi lake, wanauliza bei. Mwenyekiti wa kwaya alituma watu wachukue vitambaa vyao, hata vilivyokwisha kukatwa. Salome alipigana shuleni akarudi na blauzi imechanika.

Nilikwenda barazani. Hakuacha kukanyaga cherehani.

"Coletha."

"Usiniite hilo."

"Nilikuwa nakutetea."

"Nani alikuwa ananishtaki?"

Nikaegemea nguzo ya baraza.

"Walikuwa wanamcheka mwanamke wa kwenye televisheni," alisema. "Mzungu wa watu, hata hajui Katoro iko wapi. Wewe ndiye uliyemtoa yule ukaniingiza mimi." Alikata uzi kwa meno. "Na ujue jambo lingine, ujue tu. Felician alikuwa ameshakubali. Nilimweleza mapema kwamba huna mtu. Akasema, basi siku hiyo nitakaa mimi upande wake, kwetu atakaa mdogo wetu. Alitaka kukuona kwanza ulivyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka uhangaike kidogo. Nilitaka kuona utafanya nini." Kisha akasema, "Nimeona. Nenda, Herman, watu wanatutazama."

Wiki ya tano aliweka cherehani juu ya gari akaenda na Salome. Ushirombo hakwenda, kaka yake alikuwa amemwambia asubiri kwanza maneno yapoe. Nilisikia kwa mwenye nyumba kwamba yuko Kharumwa.

Siku chache baada ya kuondoka kwake, niliiweka ile filamu mchana, banda tupu, sauti yake yenyewe. Niliwatazama wale wanaume tena. Mlango ulipokuwa unafunguka kumpitisha mmoja, kwa ndani niliona mshumaa, na meza, na juu ya meza miguu ya mtu aliyelala, imefungwa pamoja kwa kitambaa. Ilikuwa msiba. Walivaa nyeusi kwa sababu ya msiba, lakini kwenye filamu ile kila mtu alionekana kavaa nyeusi tangu mwanzo, utajuaje. Walivua kofia kwa ajili ya maiti. Mwishoni mwanamke anatoka amekata nywele, kama mjane. Kwetu pia wananyoa. Hilo nilikuwa nimeliona mbele ya watu na nikalitafsiri kwamba amefukuzwa. Nani alikufa mle ndani sijajua mpaka leo. Huenda mtoto, huenda baba yake. Ingetosha kusema, "Hawa wamekuja kumpa pole." Maneno manne.

Nilipopata hilo nilitaka kumwambia. Nilijishawishi kwamba akijua yule mwanamke hakuwa na kosa, itamsaidia. Huo ndio upumbavu nilioupandia gari. Nilifika Kharumwa saa nne asubuhi, siku ya gulio. Ilikuwa mwezi wa pili tangu ahame. Sikujua anakaa wapi, nikaingia kwenye kibanda cha kuchaji simu, ndani kulikuwa na vijana wanne hivi na mama mmoja anayeuza nyanya.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu yule mama kwa Kisukuma. Akaitikia. Nikasema, "Namtafuta Mama Salome, fundi cherehani. Alitoka Katoro."

Mwenye kibanda aliinua kichwa. "Sema tena."

"Nini?"

"Hilo ulilosema. Sema tena."

Hakuningoja niseme. Aligeukia wenzake. "Ni huyu. Sauti si ndiyo hii? Ni yule wa wateja." Akachukua simu yake, akaitafuta haraka tu, haikuwa mbali, na nikajisikia nikiongea kutoka mkononi mwake. Halafu mmoja wao akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la duka la mbolea.

Alikuwa pale. Alikuwa na meza mpya na kibao kilichoandikwa kwa rangi: COLETHA FUNDI NGUO. Kharumwa alikuwa amejitambulisha kwa jina hilo. Miezi miwili hakuna aliyejua kwamba yeye na yule wa kwenye simu ni mtu mmoja. Salome alikuwa anasoma hapo, wanamwita Salome wa fundi, basi.

"Kumbe ndiye huyu wetu," kijana alisema. Akatoka mlangoni, akaita, si kwa ukali, kwa furaha ya mtu aliyegundua kitu. "Mama Salome, nguo ziko wapi?"

Coletha aliinua uso. Hakumtazama kijana. Alinitazama mimi, halafu akaanza kukunja kitambaa alichokuwa anashona, akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, akakiweka kwenye mfuko. Nilivuka barabara. Nilitaka kusema habari ya msiba.

"Usifungue mdomo," alisema. "Nakuomba. Hapa usiufungue."

Sikuufungua. Nilisimama mpaka alipoingiza cherehani ndani, halafu nikarudi stendi.

Aliondoka Kharumwa kabla ya mwezi kwisha. Safari hii sijui alikokwenda, na sijauliza. Nikiuliza ni kwa sauti hii hii.

Bandani kwa Boaz kuna mtafsiri mwingine sasa, kijana kutoka Mwanza. Mimi nalisha mawe kwenye karasha, ile mashine ya kusaga, ambayo kelele zake hazimruhusu mtu kuongea na mtu.

Hesabu yake ni hii. Sare za kwaya arobaini na mbili zilirudishwa. Mabaraza mawili, moja Katoro na moja Kharumwa. Mtoto kahamishwa shule mara mbili, na darasa la saba amelifanyia nisikokujua. Kaka mmoja ambaye alikuwa tayari kukaa upande wangu, sasa hasemi na dada yake. Miaka mitatu yetu mimi na yeye. Na majina mawili, la mtoto wake na lake la kuzaliwa, ambayo kila anakofika hawezi kuyatumia.